Vijiwe vyeupe ukingoni mwa Sigi: nani alivileta kwenye nchi ya chokaa?

#1 MgongaKokoto (mwenye uzi)

Wakuu wa Tanga na majirani zetu, salaam.

Nianze kwa kusema mimi si msomi wa mambo haya, nisije nikaulizwa cheti katikati ya uzi. Nimegonga kokoto na kuchoma chokaa upande wa Kiomoni miaka kumi na minne. Shahada yangu ni mgongo. Lakini mawe nayajua kwa mkono, na kuna jambo limeninyima usingizi wiki tatu sasa.

Mjomba wangu ana shamba juu ya ukingo wa mto Sigi, si mbali sana na Amboni. Mahali penyewe sipataji, mtanisamehe, sababu mtaiona mbele. Aliniita nimchimbie shimo la choo. Tulipofika usawa wa kiuno udongo ukabadilika, mweusi wa juu ukaisha, ukaja mwekundu mgumu. Dogo aliyekuwa anapakia toroli akapiga kelele, kajikata kidole. Nikadhani chupa. Kumbe jiwe.

Jiwe jeupe, dogo kama ukucha wa dole gumba, kali kama wembe wa kinyozi. Nikaanza kupekua ule udongo wa toroli, nikapata la pili, la tatu. Tulipomaliza tulikuwa na thelathini na moja, yote yametoka sehemu isiyozidi upana wa sinia la pilau. Juu yake hakuna kitu, chini yake hakuna kitu.

Sasa anayeishi Majani Mapana atasema, "vijiwe vyeupe, kwani ajabu?" Ajabu ni hii. Kwetu huku ni chokaa tupu. Kuta za mapango ya Amboni ni chokaa, Kiomoni chokaa, Maweni jina lenyewe linajieleza, kiwanda cha saruji kipo Pongwe kwa sababu ya hiyo chokaa. Jiwe la chokaa ukilikwaruza na msumari linaacha unga, ukilidondoshea maji ya betri linachemka povu. Hivi vijiwe nimevikwaruza na msumari, msumari ndio ulioacha alama. Nikachukua kimoja nikakwaruza chupa ya soda, chupa ikachorwa. Ni lile jiwe gumu ambalo wachimbaji wa dhahabu wanaliita kwatsi. Pale shambani halipo. Halipo kwa mjomba, halipo kwa jirani, na shimo la kisima la mwaka juzi halikutoa hata moja.

Jiwe halina miguu. Kama si la pale, limeletwa.

Jambo la pili ni namna yalivyovunjika. Mgonga kokoto anajua jiwe lililopasuka lenyewe kwa jua na mvua, na jiwe lililopigwa. Ukipiga jiwe gumu pembeni kwa nyundo, kipande kinachotoka kinakuwa na tumbo upande mmoja, karibu na pale nyundo ilipotua, na jiwe mama linabaki na shimo la kulingana na tumbo lile. Sisi kokoto za namna hiyo hatuzipendi, zinakata mikono. Babu yangu alikuwa anasimulia bunduki za gumegume, jinsi lile jiwe lililotoa cheche lilivyochongwa kwa kugongwa ukingoni kidogo kidogo mpaka likae sawa. Hivi vijiwe vya mjomba, kama vitano au sita, vina tumbo hilo.

Tulisoma kidato cha kwanza Zama za Mawe za Kale, za Kati na za Mwisho, na mifano yote ilikuwa Olduvai na Isimila. Sikumbuki mwalimu kutaja Tanga. Je, wazee wa zama hizo huku pwani hawakufika? Au walifika, ila sisi tunawachimbia vyoo juu yao?

Karibuni tujadili. Wa kejeli nao karibuni, nimezoea jua.

#2 Barabara ya Kumi na Tano

Uzi wa moto. Naweka mkeka hapa mapema. Picha mkuu.

#3 MzeeWaFacts

Yaani Tanga sasa kila jiwe ni la kale. Hizo ni kokoto za barabara mkuu, lori lilimwaga, jembe likazika, mvua ikamalizia. Kesho utatuambia tofali la bloku aliacha Zinjanthropus.

#4 MgongaKokoto

@MzeeWaFacts lori gani linamwaga kokoto usawa wa kiuno, juu yake udongo haujaguswa, zikakaa kwenye duara la sinia? Na kokoto za barabara nazigonga mimi mwenyewe. Nazijua kama watoto wangu, hizi si zangu.

Picha nimeshindwa kupandisha, mtandao wa huku mnaujua.

#5 MwambaLaini

Mgonga Kokoto, heshima yako kaka. Mimi nimesoma jiolojia na nimefanya kazi ukanda wa Muheza hadi Horohoro, kwa hiyo niruhusu nikuvunje moyo kidogo kabla sijakujenga.

Umesema jiwe halina miguu. Kweli. Lakini maji yana miguu, na Sigi ina miguu mirefu.

Tazama nchi yetu ilivyopangika kutoka baharini kwenda bara. Kwenye fukwe kuna mwamba wa matumbawe, huo ni wa jana tu kwa hesabu zetu. Nyuma yake unakuja ukanda wa chokaa ya Amboni, wa kipindi cha Jura, zama za dinosaria, hapo tunahesabu zaidi ya miaka milioni 150. Ukiendelea bara unakutana na mawe ya mchanga ya zamani zaidi ya hiyo. Halafu unaanza kupanda Usambara, na pale mwamba ni mwingine kabisa, ule wenye mistari meusi na meupe, tunauita naisi, umri wake unapita miaka milioni 500. Ndani ya naisi mna mishipa ya kwatsi, mingine mipana kama mlango.

Sigi inaanzia huko juu, milima ya Amani. Kila masika inang'oa vipande vya mishipa ile, inavikokota, inavisaga, inavishusha hadi bwawa la Mabayani na zamani kabla ya bwawa hadi baharini. Kwa hiyo kwatsi kufika Amboni si ajabu hata kidogo. Nenda ukasimame mtoni kiangazi utazikuta zimejaa, za mviringo kama mayai ya kanga.

Kwa hiyo swali si "nani alileta kwatsi kwenye chokaa". Mto umeleta. Swali ni mbili tu: vijiwe vyako vina ngozi gani, na viko juu kiasi gani kutoka mtoni? Jiwe lililosafiri na maji linakuwa na ngozi laini, pembe zimeliwa. Kama vyako ni vikali pande zote, maji hayakuvigusa baada ya kuvunjika. Na kama mto ulikuwa unapita hapo shambani kwenu zamani, utakuta tabaka zima la changarawe ya mviringo, si rundo la upana wa sinia.

Kapime urudi.

#6 Barabara ya Kumi na Tano

Hapo kwenye mayai ya kanga nimepata picha ambayo mtoa mada kashindwa kupandisha 😂

#7 MzeeWaFacts

@MwambaLaini ahsante, ndiyo nilichokuwa nasema, ni jambo la kawaida tu.

#8 MwambaLaini

Wewe ulisema lori, mzee.

#9 Jembe na Brashi

Habari za leo wakuu. Nasoma akiolojia Dar, nyumbani ni Muheza. Uzi huu nimetumiwa na rafiki, nikaona nisilale.

Fundi, nianze na lile tumbo. Ulichokieleza ndicho tunachofundishwa, ila kwatsi ina kiburi. Gumegume au kioo cha volkano ukikipiga kinatoa tumbo zuri na mawimbi yake kama ya maji uliyotupia jiwe. Kwatsi mara nyingi haionyeshi vizuri, inapasuka kwa hasira. Kwa hiyo sita kati ya thelathini na moja si hoja dhaifu, ni idadi ya heshima. Ila nakuomba uangalie kitu kingine: vile vidogo zaidi, angalia ncha zake mbili, ya juu na ya chini. Zimepondeka zote mbili?

Nauliza kwa sababu kijiwe kidogo huwezi kukishika mkononi ukakipiga, utaponda vidole. Unakiweka juu ya jiwe kubwa, yaani fuawe, unakisimamisha wima, unakigonga kutoka juu. Nguvu inaingia kutoka juu na inarudi kutoka chini, kijiwe kinapasuka vipande vyembamba, na ncha zote mbili zinabaki na alama za kupondwa. Watu wa Zama za Mawe za Mwisho walitumia sana njia hii kwenye kwatsi. Mto hauwezi kuiga hilo, na lori haliwezi pia, kwa heshima zote @MzeeWaFacts.

Vipande vile havikuwa visu vya kushika peke yake. Vingi vilipachikwa kwenye mti au mfupa kwa utomvu, kimoja kikiisha ukali unang'oa unapachika kingine. Ndiyo maana ni vidogo, na ndiyo maana vinakuwa vingi mahali pamoja. Fundi wa zama hizo alikaa chini akagonga, vilivyofaa akaondoka navyo. Ulichokiokota wewe huenda ni takataka zake. Usivunjike moyo lakini, sisi kazi yetu yote ni takataka.

Kuhusu pwani kutokuwa na watu: hilo limeshavunjwa, tena karibu na hapa. Ukivuka Horohoro, ukapita Mombasa, ukafika Kilifi, kuna pango la Panga ya Saidi, liko ndani ya chokaa kama ya kwetu, kilomita kama 15 kutoka baharini. Tabaka zake zinarudi miaka 78,000. Humo walimkuta mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, amezikwa. Walimpa jina Mtoto, kwa Kiswahili hivyo hivyo. Taarifa yake ilitoka mwaka 2021, na ndiyo maziko ya mtu wa zamani kuliko yote yaliyothibitishwa Afrika. Kwenye pango hilohilo zana za mawe zinaanza kuwa ndogo kuanzia takriban miaka 67,000 iliyopita.

Upande wa pili wa bahari kuna pango la Kuumbi, Jambiani, Unguja. Watu walikuwepo miaka kama 20,000 iliyopita. Walifikaje? Kwa miguu. Wakati ule barafu ilikuwa imeshika maji mengi ya dunia, bahari ilishuka kama mita 120, na Unguja ilikuwa bara tu. Pemba haikuungana, mkondo wake ni wenye kina kirefu mno. Hii ina maana kwamba sehemu ya pwani waliyotembea wazee hao iko chini ya maji leo, na samaki ndio walinzi wake.

Kwa nini Olduvai na Isimila ndizo zinazotajwa? Kwa sababu makorongo yalichimba bure. Mvua ilipasua ardhi ikaonyesha mawe juu juu. Isimila ilitambuliwa mwaka 1951, uchimbaji mkubwa ukafanyika 1957 na 1958, na hata leo unatembea korongoni unakuta mashoka ya mkono yamelala. Kwetu kuna msitu, kuna mikonge, kuna udongo mzito, mawe yamefunikwa. Kutokuonekana si kutokuwepo.

Na la mwisho, fundi, tafadhali: acha kuchimba hapo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na mtu kabla ya 1863, na kuchimba kuvitafuta bila kibali ni kosa. Shimo la choo halina ubaya, ulikuwa hujui. Sasa unajua.

#10 Dili Safi

Wakuu swali dogo. Hivyo vijiwe soko lake likoje? Kuna mzungu anaweza kutoa ngapi kwa kilo?

#11 MgongaKokoto

Kilo nzima ya kwatsi nakupa bure pale mtoni Sigi, kaka, jaza debe. Kijiwe kikishatoka mahali pake ni kokoto tu, hata huyo mzungu hatajua kilitoka sinia gani. Ndiyo maana sikutaja shamba.

#12 Jembe na Brashi

Fundi amemaliza. Ni kosa pia, Dili Safi, tusiendelee huko.

#13 Bi Mtang'ata

Assalaam aleikum wanangu. Mimi mtu wa Tongoni, nimekaa kimya nasoma mnavyokwenda Olduvai na kurudi.

Mnatafuta zana za mawe mbali. Jikoni kwangu nina mafiga matatu, nina kinoo cha kunolea visu, na nina msio aliouacha bibi yangu, lile jiwe la tumbawe la kusagia liwa. Msio ule una bonde katikati limekwenda chini kama kikombe, kwa kusugua tu, mkono wa bibi na wa mama yake bibi. Atakayeuokota miaka elfu ijayo atasema nini? Atasema wanawake wa Mtang'ata walikuwa na ngozi nzuri.

Sasa niwaambie habari ya machimbo, maana kichwa cha habari kimesema jiwe na hamjagusa mawe yaliyojenga pwani. Watu wanakuja Tongoni, wanaangalia msikiti na makaburi ya nguzo, wanapiga picha, wanasimuliwa habari za Vasco da Gama na jahazi lake lililokwama hapa 1498 na kuchomwa moto mwaka uliofuata, wanaondoka. Waja leo waondoka leo. Hakuna anayeuliza: haya mawe yote yalitoka wapi? Msikiti hauoti.

Mawe ya pwani ni ya namna mbili. La kwanza ni mwamba wa matumbawe ya kale ulioko nchi kavu, mgumu, una mashimo mashimo. Huo unachimbwa kwa mtaimbo na sururu, unatoa vipande visivyo na sura, wanapanga ukutani na kujaza chokaa. La pili ni tumbawe hai, linatolewa baharini maji yakitoka. Lile likiwa bichi linakatika kwa shoka kama muhogo. Hapo ndipo fundi anapochonga kibla, miimo ya milango, na mapambo ya makaburi. Linaanikwa, likikauka linakuwa jiwe kweli. Fundi aliyechelewa kuchonga amekwisha, jiwe haliingiliki tena vile.

Chokaa nayo, huyu mwanangu wa Kiomoni anaijua. Magogo yanapangwa duara, juu yanawekwa vipande vya matumbawe, moto unawashwa unakesha. Asubuhi ni jivu jeupe, linamwagiwa maji, linaachwa lilale. Chokaa iliyolala siku nyingi ndiyo iliyoshika msikiti ule mpaka leo.

Mnataka kujua machimbo ya kale yanafananaje? Marehemu baba alipojenga nyumba yetu alichimba mawe hapohapo uwanjani nyuma. Shimo lipo hadi leo, limejaa majani na uchafu, limeota migomba, nayo inazaa kuliko ya shambani. Basi huko kote mnakotafuta, mkiona bonde dogo pasipo na mto, limestawi kuliko jirani zake, na karibu kuna magofu, ulizeni.

#14 MgongaKokoto

Shikamoo bi mkubwa. Hilo la migomba nimeliandika kwenye karatasi.

Tumbawe bichi kukatika kama muhogo sikulijua. Sisi jiwe letu la Kiomoni halina ubichi, limezaliwa gumu.

#15 Bi Mtang'ata

Marahaba mwanangu. Mgongo pole.

#16 Rasi Kazone Mpya

Naomba niingize la kwangu. Kwa hiyo wazee wa zama za mawe walikuwa na machimbo kweli, au waliokota tu popote? Kuchimba jiwe bila chuma naona kama hadithi.

#17 Jembe na Brashi

Vyote viwili, na mara nyingi "machimbo" maana yake ni mahali unapopajua, si lazima shimo.

Olduvai kwa mfano, kuna kilima kinaitwa Naibor Soit, kwa Kimaasai ni mawe meupe. Ni cha kwatsiti, jamaa yake hivi vijiwe vya fundi. Watu wa kale walioishi bondeni karibu miaka milioni mbili iliyopita walikuwa wanakwenda kilimani, wanachagua mabamba, wanarudi nayo. Chini bondeni kulikuwa na mawe ya volkano ya bure mtoni, na waliyatumia hayo kwa kazi nzito, lakini wakitaka makali walikwenda kwenye kilima cheupe. Ona hapo, mtu ambaye hata si sisi hasa, anapanga: kazi hii jiwe hili, kazi ile jiwe lile.

Halafu kioo cha volkano, obsidiani, jeusi, linang'aa, kali kuliko yote. Kila volkano ina mchanganyiko wake wa madini, kwa hiyo maabara inaweza kusema jiwe hili limetoka mlima gani, kama alama ya kidole. Kwenye mwamba wa Mumba, karibu na ziwa Eyasi, vilipatikana vipande vya obsidiani iliyotoka Bonde la Ufa la Kenya, pande za Naivasha, yapata kilomita 300. Huo ni mwendo wa Tanga hadi Dar kwa barabara, na haukuwa wa basi. Huenda mtu mmoja hakutembea wote, jiwe lilipita mkono kwa mkono.

Na kuchimba hasa, shimo kabisa, kupo. Kule Ngwenya, Eswatini, watu walichimba ngeu zaidi ya miaka 40,000 iliyopita, kwa nyundo za mawe. Ile ngeu ya mafundi seremala, nyekundu. Hawakuwa wanatafuta chakula wala silaha. Walitaka rangi.

#18 MzeeWaFacts

Hiyo ya ngeu imenigusa. Basi naondoa lori, nabaki na mto.

#19 MwambaLaini

Karibu mtoni mzee, tunamsubiri fundi na vipimo.

#20 MgongaKokoto

Wakuu nimerudi. Jumapili nimeshinda kule na kamba, ndoo ya maji na mswaki.

Kwanza urefu. Kutoka maji ya Sigi ya sasa hadi mdomo wa shimo la mjomba nimepima kwa kamba yenye mafundo, ni zaidi ya mita saba kwenda juu. Nimeangalia ukuta wa shimo lote, hakuna tabaka la changarawe. Udongo mweusi, udongo mwekundu, basi.

Pili, ncha. Nimeosha vyote thelathini na moja, nikavipanga juu ya gunia juani. Kumi na mbili vimepondeka ncha zote mbili kama dada au kaka Jembe alivyosema (samahani sijajua ni yupi). Nilivyoona hivyo nikacheka peke yangu, maana sisi tunapogonga kokoto za mwisho, zile ndogo, tunafanya hivyohivyo, tunaziweka juu ya jiwe kubwa la kukalishia, tunagonga kutoka juu. Jiwe langu la kukalishia lina bonde katikati kama msio wa bi mkubwa.

Tatu, na hili ndilo lililonileta mbio. MwambaLaini aliniambia niangalie ngozi. Vijiwe tisa vina ngozi ya mto upande mmoja. Laini, ya mviringo, imelambwa na maji. Upande wa pili ni mkali wa kukata nyama. Kwa hiyo vilikuwa mayai ya kanga kweli, vikatoka mtoni vikiwa vizima, vikavunjikia juu.

Basi tulikuwa sahihi sote wawili. Kutoka Usambara hadi mtoni, maji yamevileta. Kutoka mtoni kupanda mita saba za ukingo, hayo si maji.

#21 MwambaLaini

Nimesoma mara mbili. Nakuvulia kofia, fundi. Kipande chenye ngozi ya mto upande mmoja na makali upande wa pili, tena juu ya ukingo usio na changarawe, mimi sina jibu lingine la kijiolojia.

#22 Jembe na Brashi

Dada 😊

Ile ngozi sisi tunaiita gamba. Vipande tisa vyenye gamba vinasema mtu alianzia kazi hapo, hakuja na jiwe lililokwisha menywa nyumbani. Aliokota yai mtoni, akapanda nalo ukingoni, akakaa mahali pakavu anapoona mto, akalifungua.

Na hapo @Rasi Kazone Mpya umepata machimbo yako ya kale. Ni kitanda cha Sigi. Usitafute shimo, ni yale mafungu ya changarawe ambayo kila masika mto unayapanga upya, jiwe jipya bila jasho. Duka linalojijaza lenyewe.

Umri siwezi kuutaja kwa kuangalia. Njia hii ya kugonga ilitumika muda mrefu sana, hata wakati majirani wameshaanza kufua chuma, na chuma pwani hii kina karibu miaka elfu mbili. Unahitaji mkaa ndani ya tabaka lilelile, au mchanga upelekwe maabara. Ndiyo sababu mahali penyewe pana thamani kuliko vijiwe. Fundi, umeandika kila kimoja kilitoka kina gani?

#23 MgongaKokoto

Havikuandikwa, vilitoka na toroli. Hapo nimekosa. Lakini upande wa kusini wa shimo haujaguswa, na kwenye ukuta naona viwili vimechungulia, sijavitoa. Vile thelathini na moja nimevifunga kwenye kitambaa, nimeandika tarehe na kipimo cha shimo, nitavikabidhi pamoja na maelezo kwa watu wa mambo ya kale.

Kinachoniumiza ni kule chini mtoni. Malori ya mchanga na changarawe yanashuka usiku. Kampuni siitaji. Mimi mwenyewe nimekula kwa mawe miaka yote hii, siwezi kujifanya mtakatifu, nimevunja kwa nyundo yangu nisivyovijua. Lakini lile duka la dada Jembe linabebwa na rafu zake.

#24 Bi Mtang'ata

Usijihukumu. Hata hao wa kale walivunja.

#25 Dili Safi

Sawa nimeelewa, siuzi. Ila naomba kwenda kuona, nisiguse.

#26 Jembe na Brashi

Niko nyumbani Muheza kuanzia Ijumaa. Nitakuja na kamera na kipimo, bila jembe, tuandike ukuta wa shimo kama ulivyo halafu tuufunike. Maelezo tutayapeleka pamoja, ofisi ni rahisi kukusikiliza ukiwa na mchoro. Fundi, shimo lipo wazi mpaka lini?

#27 MgongaKokoto

Nimelifunika kwa mabati na miba. Tatizo ni mjomba. Ameniita jana usiku kuniuliza choo chake kinawasubiri watu wa miaka elfu ngapi, na yeye ana miaka sabini na mbili na magoti.

Tumeshauriana mpaka saa tano. Amekubali choo kihamie hatua ishirini kuelekea barabarani, kwa sharti mbili: nichimbe mimi, bila malipo, na nikiona kijiwe cheupe nisimwambie mpaka amekwisha kukitumia hicho choo.

Dada Jembe, Jumamosi saa moja asubuhi, shuka Amboni unipigie. Njoo na maji ya kunywa. Dili Safi na wewe njoo, ila mifuko ya suruali tutaikagua wakati wa kuondoka.